Riwaya ya kuchekesha kuhusu Kifo ilivyokaribia kumhamisha mwandishi wake Kawangware

Wakuu, habari za hapa.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, kwa hiyo wengi wenu hamnifahamu. Nimeamua kuandika kwa sababu ya ule uzi ulioanzishwa hapa majuzi, mtu akiuliza iwapo maoni ya wasomaji yanaweza kumdhuru mwandishi. Wengi mlijibu kwamba mwandishi asiyestahimili maoni atafute kazi nyingine. Hata mimi nilikuwa na msimamo huo, mpaka mwaka huu.

Nitakayoyasimulia niliyashuhudia mwenyewe. Majina nimeyabadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, hata pale yanaponifanya nionekane mwoga.

Kwanza mnijue kidogo. Nilisomea fasihi chuo kikuu, na sasa, katika umri ambao rafiki zangu wameanza kuzungumzia presha, nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi Makina, Kibera. Shahada yangu haijawahi kunisaidia kutoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Majirani huniita Prof, na kwa namna wanavyolitamka jina hilo, sidhani kama ni sifa tupu.

Jumamosi alasiri huwa tunakutana hapo dukani, kikundi cha wasomaji. Tunatoka Makina, Laini Saba, Kisumu Ndogo, na wachache huja kutoka Kawangware.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kikundi chetu ambalo lazima mlielewe, maana bila hilo kisa hiki hakingetokea.

Kitabu huwa kimoja na wasomaji ni wengi. Kwa hiyo tunakikata.

Ndiyo, tunakikata. Mgongo unapasuliwa kwa kisu, kurasa zinagawanywa mafungu manne, kila fungu linashonwa kwa uzi na kuvikwa jalada la manila. Kila mtu anaondoka na kipande chake, kisha tunabadilishana. Unaweza kuanza na kipande cha tatu ukamaliza na cha kwanza. Wageni hushtuka, lakini sisi tumezoea. Kuna mwenzetu aliyesoma nusu ya mwisho ya kitabu fulani akamhurumia muuaji, kisha akapewa kipande cha kwanza, akasema anataka huruma yake irudishwe.

Kwa sababu hiyo tuna sheria moja tu: hakuna kutoa maoni mpaka umesoma vipande vyote.

Mmoja wa wanachama wetu ni Akoth. Ana saluni Kawangware, kwenye chumba cha mbele cha ploti ya vyumba vya kupanga anamoishi. Ni mwanamke wa maneno machache, mwenye macho yanayoonekana kucheka kabla ya mdomo. Alikuja siku moja na flash ya kompyuta, akaniomba nimchapie nakala moja ya kitu alichokiandika.

Kilikuwa riwaya. Aliipa jina *Kifo Chaomba Chumba*.

Kwa ufupi: Kifo anafika Nairobi kumchukua mzee mmoja mwenye ploti. Anamkuta mzee hayuko tayari, na mzee ni mbishi. Kifo analazimika kupanga chumba katika ploti hiyo hiyo ili asubiri. Ndugu wa mzee wanapogundua mpangaji mpya ni nani, wanaunda kamati ya mazishi huku mzee akiwa hai. Kifo anahudhuria mikutano, na anachaguliwa mweka hazina, kwa kuwa ndiye pekee ambaye wanaamini hatatoroka. Mzee naye anahudhuria kamati ya mazishi yake mwenyewe na kulalamika kuhusu chakula.

Niliisoma usiku kucha, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha tukaikata.

Maoni yalianza kuja, na hapa ninawapa baadhi yake kwa sababu ndiyo mada.

Bi Zuhura, mama wa makamo hapa Makina ambaye familia yake imekaa Kibera tangu enzi za babu zake, alirudisha vipande vyote akasema, "Prof, malaika wa mauti haulizi kamati. Akija amekuja." Nikamuuliza kama hakukipenda. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimesema sikukipenda? Nimekisoma mara mbili. Nasema tu huyo si malaika wa mauti. Huyo ni shemeji wa mtu."

Kijana fundi wa Laini Saba alisema ni kitabu kizuri ila hakuna mtu mzuri ndani yake isipokuwa Kifo, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Mwingine alisema kukifanyia kifo mzaha ni kukiita. Huyo alikuwa amesoma kipande kimoja tu, na tukamnyamazisha kwa ile sheria yetu. Baadaye nilimkumbuka sana.

Akoth aliyapokea yote kwa kutikisa kichwa. Alikuwa na furaha ya mtu anayeogopa kuonyesha furaha. Na kwa furaha hiyo alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa kikundi chetu angelifanya, kwa vile kwetu kipande ni kitabu: alichukua kipande cha tatu akakiweka saluni, juu ya meza ya majarida, ili wateja wajisomee wakiwa chini ya draya ya kukaushia nywele.

Wakuu, kipande cha tatu ndicho chenye kamati. Mwanzo wake haupo. Mwisho wake haupo. Anayekishika kwa mara ya kwanza anakutana na mzee mwenye ploti, mwenye kofia ya kahawia na redio ndogo anayoitegemeza sikioni mlangoni pake, na watu kumi wakipanga siku ya kumzika.

Na mwenye ploti anamoishi Akoth, Mzee Gatheru, ana kofia ya kahawia. Na redio ndogo. Na hukaa mlangoni.

Na wiki hiyo ndiyo aliyokuwa ametolewa hospitalini.

Mteja mmoja alianza kuwasomea wenzake kwa sauti. Saluni nzima ikacheka. Mke wa mzee, Mama Njoki, alikuwa ameketi hapo akisubiri kusukwa. Alisikiliza mpaka mahali kamati inapobishana kuhusu ukubwa wa tenti. Kisha akainuka na nywele zake nusu zimefumuliwa, akatoka.

Mteja yule hakutambua. Alizipiga picha kurasa mbili akazituma kwenye grupu la wapangaji.

Jioni hiyo mwana wa mzee, Muchiri, aliweka kufuli lake juu ya kufuli la Akoth kwenye mlango wa saluni. Wanaopanga Nairobi mnajua maana ya kufuli la pili. Alimwambia kwamba Jumapili baada ya kanisa familia itakaa, na baada ya hapo atafute kwa kwenda.

Akoth alinipigia simu. Sauti yake haikuwa na kilio. Aliniuliza tu, "Prof, vipande vingine viko wapi?"

Nilielewa alichokuwa akifikiri, kwani nami nilikifikiria: wakisikia hadithi yote, wataona si matusi.

Lakini nilikuwa nimeisoma hadithi yote. Katika kipande cha nne mzee anakufa.

Sikumwambia neno. Yeye ndiye aliyekiandika, hakuhitaji kukumbushwa.

Kipande cha kwanza na cha pili nilivipata kwa Bi Zuhura, aliyekuwa amevichukua tena, na ambaye alinipa pamoja na onyo: "Ukifika huko usitafsiri. Watu wakikasirika, msomi akaanza kuwaeleza, wanakasirika zaidi." Nilichukua ushauri huo pamoja na vipande.

Cha nne kilikuwa Kisumu Ndogo, kwa Mama Awino, Mjaluo mwenzake Akoth, anayeuza samaki wadogo wa omena. Nilimkuta amekiegemeza kwenye debe, miwani imeshuka puani.

"Mama, nakihitaji hicho sasa hivi."

"Prof, ngoja. Basi limekwama kwa matope na maiti iko ndani."

"Ni jambo la dharura."

"Hata hii ni dharura, hujaona wanasukuma?"

Nilimweleza yaliyompata Akoth. Alivua miwani, akafunga kipande polepole, akanikabidhi. Kisha akasema kitu ambacho sikukitilia maanani wakati ule. "Huyu mtoto ameandika matanga yetu vile yako. Mpaka wale wapwa wanagombania kukaa karibu na jeneza. Hii hakuitunga. Hii aliiona."

Nilidhani ni sifa ya kawaida, ile ya kumwambia mwandishi kwamba kazi yake ni kama kweli. Nikaondoka.

Jumapili.

Ploti ya Mzee Gatheru ina safu mbili za vyumba vya mabati zinazotazamana, na mwisho wake nyumba ya mawe ya familia, kando ya tanki la maji. Walikuwa wameweka viti vya plastiki uani. Wapangaji walisimama milangoni mwao, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Kulikuwa na mtu aliyefua shati moja tangu nilipofika mpaka nilipoondoka.

Mzee Gatheru alikuwa amefunikwa blanketi magotini. Alikuwa amekonda, lakini kofia ilikuwa kichwani. Ile ya kahawia. Nilijilazimisha kutoitazama.

Muchiri alianza na mimi. "Wewe ndio ulichapa hii kitu?"

"Ndiyo, niliichapa."

"Basi hata wewe uko ndani. Keti hapo."

Mama Njoki hakuketi. Alikuwa amekishika kipande cha tatu kwa ncha za vidole, jinsi mtu anavyoshika panya kwa mkia.

"Mimi sijui kuongea mingi," alisema. "Mzee wangu ametoka hospitali, hata dawa hajamaliza. Anakuja kwake. Anapata watu wamekaa kwa saluni wanabishana tenti yake. Kwa nyumba yake. Akoth, nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea, Mama."

"Basi nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma."

"Hii karatasi leo inaenda kwa jiko. Na wewe unaenda na vitu zako."

Kutoka kwenye moja ya milango sauti ya mwanamume ilisema, si kwa sauti kubwa, "Lakini hiyo tenti ilikuwa kubwa kweli." Mtu mwingine akakohoa ili kuficha kicheko. Muchiri aligeuka, na milango yote ikawa kimya.

Mzee alikuwa ameshika fimbo yake, akisikiliza. Sasa aliinua mkono.

"Nani amesoma yote?"

Watu wakatazama kipande mkononi mwa Mama Njoki.

"Nauliza. Wote mnakasirika na kipande. Nani amesoma yote?"

"Mimi, Mzee," nikasema.

"Mimi nakufa ama sifi?"

Wakuu, nimeulizwa maswali mengi kuhusu vitabu. Nilifanya mtihani wa mdomo mbele ya maprofesa watatu. Sijawahi kuulizwa swali kama hilo, na mtu ambaye jibu linamhusu hivyo.

Nilimtazama Akoth. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Mzee aliye kitabuni anakufa," nikasema.

Mama Njoki alitoa sauti ndogo. Muchiri alisimama. Mzee akamwonyesha kiti kwa kidole, na Muchiri, mtu mzima mwenye watoto wake, akaketi.

"Soma," mzee akaniambia. "Anza pale nakufa."

Ninawaambia ukweli: nilifikiria kuruka. Nilikuwa nimeshika kurasa, hakuna mwingine aliyeziona, na kwa elimu yangu ningeweza kutunga mahali hapo hapo aya ambamo mzee anapona na Kifo anahama. Sauti yangu ilikuwa tayari imeanza kuitafuta aya hiyo. Kilichonizuia si ujasiri. Ni kwamba Akoth aliinua macho akanitazama, na nikajua kwamba nikibadilisha hata neno moja atasikia.

Nikasoma kama ilivyoandikwa:

"Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayepinga tenti ya watu mia mbili. Mzee hakupinga. Mwenyekiti akasema iandikwe kwamba mzee, kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, amekubaliana na wenzake. Watu wakapiga makofi. Kifo peke yake hakupiga. Alisogeza kikombe cha chai kilichokuwa mkononi mwa mzee, ili kisianguke."

Nilipumzika. Aliyekuwa akifua shati naye alikuwa amepumzika.

"Endelea," mzee akasema.

Nikasoma safari ya kumpeleka mzee kwao mashambani. Nikasoma basi lilivyokwama matopeni, na Kifo alivyokunja suruali akasukuma pamoja na wapwa, akisema hajawahi kuchelewa mazishi. Nikasoma moto uliowashwa uani, watu walivyokesha, mjomba aliyehutubia mpaka watoto wakalala, muziki uliopigwa mpaka alfajiri.

"Simama hapo," akasema mzee.

Nikasimama.

"Wanampeleka wapi?"

"Mashambani, Mzee. Kwao."

"Kwao wapi? Mimi nilizaliwa hapo." Alielekeza fimbo kwenye tanki la maji. "Hapo penye tanki ndio kulikuwa nyumba ya mama. Mimi sina ocha ya mashambani. Hapa ndio ocha. Sasa hawa wananitia kwa basi wananipeleka wapi?"

Muchiri alilitazama tanki.

"Na hizo siku zote wanakesha. Nani analipa hiyo mambo? Sisi tunazika mchana, watu wanakula, wanarudi kazi. Mjomba anaongea mpaka watoto wanalala? Kwetu mchungaji akizidisha anaonyeshwa saa." Akamgeukia Akoth. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kile ambacho ningekiita, kama tungekuwa Jumamosi dukani kwangu, kutoridhika kwa msomaji makini. "Wewe msichana, umeniua Kijaluo."

Mtu alicheka. Nadhani ni yule aliyekuwa amekohoa. Safari hii hakukohoa.

Mkichekea hapo ni sawa, lakini mambo hayakuishia hapo, maana sasa kila mmoja alikuwa na maoni ya namna kitabu kinavyopaswa kurekebishwa.

Muchiri alisema, "Aandike mzee anapona. Kifo ahame. Basi, yaishe."

Mzee akasema, "Nipone nikae milele? Hapana. Aandike nizikwe vizuri. Hapa, mchana. Kama ataandika hivyo, akae."

Mama Njoki akasema hakuna cha kuandika, karatasi iende jikoni.

Wote watatu wakamtazama Akoth. Ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwepo kwamba chumba chake, saluni yake na kila alichokijenga Kawangware vilitegemea neno moja. Na njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa na mwenye ploti mwenyewe. Nilimwombea aseme ndiyo. Ni aya chache tu, nilijiambia. Angeandika upya kwa jioni moja.

"Mzee," Akoth akasema, "kofia ni yako. Nitaitoa. Redio ni yako, nitaitoa. Niliziiba, pole."

"Na mazishi?"

"Mazishi siwezi kugusa."

"Kwa nini?"

"Hayo ni ya baba yangu."

Nilikumbuka Mama Awino na miwani yake. Nilijisikia mjinga kuliko nilivyowahi kujisikia.

"Basi lilikwama na yeye ndani," Akoth aliendelea, sauti ile ile, kama anayeeleza bei ya kusuka. "Wakati walikuwa wanabishana tenti nyumbani, alikuwa amekaa kwa kiti. Hakuna mtu alijua ameenda. Mimi ndio nilitoa kikombe. Siwezi kumzika mara ya pili, Mzee. Hata kama ni vizuri zaidi."

Tulisikia tanki likidondosha maji.

Aliyezungumza ni Mama Njoki, na nilitarajia pigo la mwisho.

"Alikufa lini?"

"Mwaka jana. Mvua ya kwanza."

"Ukiwa hapa?"

"Nikiwa hapa."

"Kwa hii ploti?"

"Ee, Mama."

"Ulifunga saluni. Uliniambia unaenda kuchukua nywele za kuuza." Mama Njoki alikuwa akizungumza polepole, kama anayerudi nyuma chumba kwa chumba. "Ukarudi ukinuka moshi. Nikakuuliza siku hizi unachoma makaa?"

"Nikacheka," akasema Akoth.

"Ukacheka." Alisogea hatua moja. Sasa nilimwona amekasirika kweli, kuliko mwanzo. "Mtu akifiwa kwa hii ploti tunakuja. Hata yule wa chumba cha mwisho ambaye hasalimii watu, alipofiwa na mama tulikuja. Wewe ulifiwa ukatuficha. Ukaenda kuambia karatasi. Watu wa Kibera wanajua, mimi naishi na wewe ukuta kwa ukuta sijui. Kwa nini hukusema?"

Akoth alijibu akiangalia mlango wa chumba chake.

"Nilijua nikisema mtakuja. Na mkikuja, nitalia."

Mama Njoki aliweka kipande cha tatu kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akaingia ndani ya nyumba ya mawe bila kutazama mtu.

Tulibaki. Sikuwa na shaka kwamba amefuata kiberiti. Muchiri alikuwa na ufunguo wa kufuli mkononi, akiuzungusha. Niliingiza kipande cha nne ndani ya koti langu, kwa siri, kama mwizi.

Alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na leso kiunoni. Alipita katikati yetu. Alisimama mbele ya safu ya vyumba akawaita wanawake kwa majina, mmoja mmoja, nao wakatoka, wengine wakifuta mikono. "Twende kwake," aliwaambia.

Waliingia wote katika chumba cha Akoth. Ni chumba kimoja, wakuu, chenye kitanda na jiko. Sijui walienea vipi. Mama Njoki alimshika Akoth kiwiko akamwingiza katikati yao kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani, na pazia likashuka.

Mzee alimwambia mwanawe, "Fungua."

Muchiri akaenda kulitoa kufuli.

"Na wewe," mzee akaniambia, "malizia. Nataka kujua Kifo alienda wapi."

Nikatoa kipande ndani ya koti. Nilisoma kurasa za mwisho, ambapo Kifo anarudi kwenye ploti baada ya mazishi, anafagia chumba chake, anafuta kioo, na kumrudishia mjane ufunguo. "Asante kwa kuniweka," anamwambia. "Choo hakina taa."

Mzee alifikiri. "Hiyo ni kweli," akasema. "Haina."

Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wameanza kuomba, sala ya Kikuyu ambayo sikuielewa neno kwa neno. Kisha juu ya sauti zao nikasikia sauti nyingine, isiyokuwa ya sala. Ilianza chini, ikapanda, na haikujizuia. Mzee Gatheru alivua kofia akaiweka gotini, juu ya blanketi, na tukakaa hivyo, yeye na mimi, tukimsikiliza Akoth akimlilia baba yake.

Sasa, nilichojifunza.

Nilizoea kudhani maoni ya msomaji yanahusu kitabu. Siku ile nilisikia maoni matatu, na kila moja lilikuwa ombi. Muchiri aliomba baba yake asife. Mzee aliomba azikwe kwao. Mama Njoki aliomba aambiwe. Kama ningetii elimu yangu nikaanza kuwaeleza habari za tashtiti na uhuru wa mtunzi, nisingeyasikia maombi hayo hata moja. Bi Zuhura alinionya vizuri.

Na kuhusu ile sheria yetu ya kusoma vipande vyote kwanza: bado naiamini, lakini si kama zamani. Mimi nilisoma vyote vinne, usiku kucha, nikicheka. Mama Awino hakuwa amemaliza hata cha mwisho, na ndiye aliyejua anachokisoma.

Msifikiri mambo yote yamekuwa asali. Mama Njoki hajakisoma kitabu na amesema hatakisoma. Bado anaamini si vizuri kukifanyia Kifo mzaha mahali mtu anapolala, na amepiga marufuku kipande chochote kuwekwa saluni. Akoth ametii. Katika nakala mpya ameitoa kofia. Redio ameiacha, kwa agizo la mzee, ambaye yupo na anaendelea na dawa zake. Mazishi hayajaguswa.

Wale mtakaoniomba nakala humu: sina ruhusa, msinisumbue.

Ila nina swali, na ningependa lijibiwe na waliowahi kuandika au kusomea watu kwa sauti. Mngekuwa mmeshika zile kurasa, mbele ya mgonjwa anayeuliza kama anakufa, mngesoma kama ilivyoandikwa? Mimi nilisoma. Lakini nawakumbusha kwamba nilitazamwa.